Maswali na Majibu: Mimea ya Sebuleni na Hewa Tunayoivuta Nyumbani

Makala ya toleo lililopita kuhusu mimea ya kupamba sebule imetuletea barua nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, mimea hiyo husafisha hewa ya ndani kama inavyosemwa na wauzaji? Tumechagua barua sita. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Tumehamia nyumba mpya mwezi uliopita. Kuta zimepakwa rangi, kabati za jikoni na za nguo ni za MDF, na kila tukirudi jioni tunapokewa na harufu kali inayowasha macho. Muuza maua wa kando ya barabara amenishauri ninunue vyungu vinane vya sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, akisema kwamba shirika la anga la Marekani limethibitisha kuwa huvuta sumu. Sebule yetu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Je, vyungu vinane vinatosha?
*Msomaji, Bamburi, Mombasa*

Habari aliyokupa muuzaji ina asili ya kweli, ila sehemu yake muhimu imepotea njiani. Mwaka 1989 mwanasayansi B. C. Wolverton na wenzake, katika kituo cha shirika hilo la anga, NASA, kilichoko jimbo la Mississippi, walitoa ripoti ya majaribio yaliyofanywa kwa sababu shirika hilo lilikuwa likitafuta namna ya kusafisha hewa ndani ya vyombo vya anga, mahali ambapo hakuna dirisha la kufungua. Walitumia masanduku ya plastiki angavu yaliyofungwa barabara, wakaweka mmea ndani, wakaingiza mvuke wa kemikali (benzini, formaldehaidi au trikloroethilini), kisha wakapima kilichobaki baada ya saa 24. Kiasi kilipungua, na kwa baadhi ya mimea kilipungua sana. Waligundua pia kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mizizi, udongo na vijidudu vilivyomo, wala si majani peke yake. Ndiyo sababu walitengeneza chungu chenye mkaa maalumu wa kuchuja na feni ndogo ya kupitisha hewa kwenye mizizi. Chungu unachouziwa barabarani hakina hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Sebule yako, dada au kaka msomaji, haifanani na sanduku lile. Hata ukifunga kila kitu, hewa huingia na kutoka chini ya mlango, pembeni mwa fremu za madirisha na kwenye matundu ya juu ya ukuta, na kupita huko kwa hewa huondoa kemikali kwa kasi ambayo majani hayawezi kuikaribia. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walikusanya matokeo ya tafiti 12 zilizokwisha kuchapishwa, wakayapima yote kwa kipimo kimoja, wakakuta kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na ile inayofanywa na hewa inayopita ndani ya jengo la kawaida, inahitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Sebule yako ina mita za mraba 20. Kwa hesabu ya chini kabisa ungehitaji vyungu 200, na usingebakiwa na mahali pa kuweka kiti.

Sasa tuitazame harufu yenyewe, kwa sababu ndiyo inayokudhuru. MDF ni ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, na gundi nyingi za aina hiyo hutoa formaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Rangi ya mafuta na tina hutoa mvuke mwingi katika siku na wiki za mwanzo, kisha hupungua. MDF huendelea kwa miezi, na huongeza kasi kunapokuwa na joto na unyevu, vitu ambavyo Mombasa havikosekani. Nyumba yenu hushinda imefungwa juani, mvuke unatoka kutwa nzima bila kupata njia, na jioni mnapofungua mlango mnaukuta umejaa.

Kwa hiyo fungueni. Milango ya kabati na droo zote ziachwe wazi kila mnapokuwa nyumbani, dirisha moja lifunguliwe upande ambao upepo unatoka na jingine upande wa pili, maana dirisha moja pekee halipitishi hewa ya kutosha. Miezi ya kusi upepo wa pwani hutoka kusini-mashariki, na wakati wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Aliyejenga bila kulijali hilo amewaachia ninyi kazi ya kulitumia dirisha lililopo. Pasipo na upepo, wekeni feni dirishani, uso wake ukitazama nje, ili itoe hewa ya ndani badala ya kuizungusha. Kagua pia wavu wa mbu. Uvue, uuinue mbele ya mwanga, na ukiona matundu yamezibwa na vumbi lililochanganyika na mafuta ya jikoni, ujue kwamba dirisha hilo limefungwa nusu hata likiwa wazi. Madirisha ya alumini ya kusukuma yana kasoro nyingine, kwani hata yakifunguliwa mpaka mwisho hutoa nusu tu ya nafasi, kwa hiyo usafi wa wavu wake una maana zaidi.

Kisha piga magoti uangalie ndani ya kabati la chini ya sinki, pale fundi alipokata tundu la kupitishia bomba. Ukingo wa tundu hilo mara nyingi huachwa uchi, ukionekana kama unga wa kahawia ulioshindiliwa, na hapo ndipo mvuke hutoka kwa wingi kuliko kwenye uso uliofunikwa. Mwite fundi azibe kingo zote za namna hiyo kwa ukanda wa kufunikia au kwa vanishi ya maji. Hadi harufu itakapopungua, chumba chenye kabati jipya kisiwe chumba cha kulala watoto.

Vyungu vinane sikushauri, lakini kimoja au viwili kwa ajili ya uzuri wake nitavishangilia. Ukipata *Zamioculcas*, mmea wenye vijiti vinene na majani yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, uchukue kwa moyo mweupe: asili yake ni huku kwetu, Kenya, Tanzania na Zanzibar hadi kusini mwa Afrika, ingawa biashara yake kubwa duniani ilianzishwa na wakulima wa maua wa Uholanzi karibu mwaka 1996, na leo tunauziwa kama mgeni kutoka Ulaya.

Mjukuu wangu anayesoma chuo ameniwekea vyungu vitano vya maua chumbani ninamolala. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba usiku miti humnyang'anya mtu pumzi. Kila magharibi ninavitoa nje na asubuhi ninavirudisha, na mgongo umeanza kuuma. Nifanyeje?
*Bibi, Ngamiani, Tanga*

Shikamoo, Bibi. Viache vikae humo humo usiku kucha, na vikihitaji kusogezwa asogeze mjukuu.

Mliyoambiwa yana chembe ya ukweli. Mchana, jua likiwaka, mmea huchukua hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Usiku mwanga unapokosekana, mmea hupumua kama viumbe wengine, yaani huchukua oksijeni kidogo na kutoa hewa ya ukaa kidogo. Lakini kiasi hicho ni kidogo mno. Mtu mzima mmoja hutoa takriban kilo 1 ya hewa ya ukaa kwa siku, na majani ya vyungu vitano hayafiki popote karibu na hapo, kwa hiyo mjukuu akija kulala kwenye kitanda cha pili atabadilisha hewa ya chumba kuliko maua yake yote, na hakuna aliyewahi kumkataza mjukuu asilale kwa bibi yake. Sansevieria na mshubiri zina tabia ya kufungua vinyweleo vya majani usiku na kuvuta hewa ya ukaa wakati huo, na wauzaji hulitumia jambo hilo kuziita mimea ya chumba cha kulala. Tabia hiyo ni ya kweli, ila athari yake kwa pumzi yako ni ndogo vilevile.

Neno langu moja la tahadhari ni kuhusu maji. Udongo ukiwa tepetepe muda wote huota kuvu, hasa wakati wa masika, na harufu ya uvundo chumbani haimfai mtu wa umri wako. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia, na kikitoka na udongo ulioganda, subiri.

Tunaishi chumba kimoja, mimi, mume wangu na watoto wawili, na mdogo ana pumu. Mvua ikinyesha ninapikia ndani kwa jiko la mkaa, lakini ninalikoka nje kwanza mpaka mkaa ushike wote na moshi uishe, ndipo ninaliingiza. Usiku tunawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Rafiki yangu ameniambia niweke mmea karibu na kitanda cha mtoto ili uchuje hewa. Ni mmea gani unafaa?
*Mama, Manzese, Dar es Salaam*

Mama, hakuna mmea wa kukufanyia kazi hiyo, nami nisingependa shilingi yako iende kwenye chungu cha maua wakati kuna mambo mawili chumbani humo yanayomwumiza mtoto, na moja lao linaweza kuwaua wote wanne usiku mmoja.

La kwanza ni mkaa. Kulikoka jiko nje kunaondoa moshi unaoonekana, na umefanya vyema, ila mkaa uliokolea na kuwa mwekundu unaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba kile inachopaswa kubeba. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huchoka na kulala, na katika chumba kilichofungwa huenda asiamke. Majani hayaiondoi. Ikilazimu kupikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi muda wote hata kama mvua inarusha, na chakula kikiiva jiko litoke nje palepale. Lisibaki ndani kwa ajili ya kupasha joto wala kuweka maji ya alfajiri. Mkiwa ndani, na zaidi ya mmoja akaanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali yafuate baadaye, kisha nendeni hospitali.

La pili ni dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya dawa za aina hiyo kutoka China na Malaysia ulikuta kwamba kuchoma kipande kimoja mpaka kiishe hutoa chembe laini za moshi sawa na zile za sigara kati ya 75 na 137. Mtoto mwenye pumu hapaswi kulala humo. Chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, humkinga na mbu bila kumlipisha kwa mapafu yake. Vyandarua hivyo hutolewa pia kliniki kwa wajawazito na watoto, kwa hiyo uliza unakompeleka mtoto.

Najua kwamba kuhama kutoka mkaa kwenda gesi ni suala la fedha, wala si la elimu peke yake, na mwenye mtungi wa kilo 6 anajua kuwa unaisha siku ambayo mfuko nao umeisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao ni vya watoto wa chini ya miaka 5. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, umelenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi, na familia za chumba kimoja kama yenu ndizo zinazostahili kufikiwa mwanzo. Wakati mnajipanga, hata kupunguza saa za moto kunasaidia: loweka maharage usiku kucha kabla ya kuyachemsha, funika sufuria, na vyakula vya kuchemka muda mrefu vipikwe siku ambayo jiko linaweza kukaa nje.

Asalaam aleikum. Huku kwetu kiyoyozi hakizimwi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, na madirisha hatuyafungui kwa sababu ya joto. Mama mkwe wangu hufukiza udi na ubani kila jioni. Nimenunua mimea sita mikubwa nikitumaini itapunguza moshi, lakini bado tunakohoa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Maskati, Oman*

Waaleikum salaam. Tatizo lako linaanzia kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hakileti hewa mpya kutoka nje. Huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha, na kichujio chake huzuia vumbi kubwa lakini chembe laini za moshi huzipita. Moshi wa jana jioni, kama hakuna mlango uliofunguliwa, sehemu yake bado mnao asubuhi.

Sitakuambia umkataze mama mkwe kufukiza. Udi na ubani ni heshima ya nyumba, kuanzia Unguja mpaka Maskati, na kuna namna ya kuutunza utamaduni huo pamoja na mapafu. Chetezo kiwekwe karibu na dirisha lililo wazi au jikoni penye feni ya kutoa hewa, feni hiyo iwashwe kabla ya kufukiza na iachwe ikiendelea kwa nusu saa hivi baada ya kumaliza. Kipande kiwe kidogo. Chetezo cha umeme huwaepusha na kaboni monoksidi ya mkaa, ingawa moshi wa udi wenyewe unabaki. Nguo zinaweza kufukizwa kwenye chumba kisicho na watoto, mlango umefungwa na dirisha li wazi. Alfajiri, kabla jua halijapanda, zimeni kiyoyozi kwa muda na kufungua madirisha ya pande mbili, na kichujio chake kioshwe mara kwa mara kwa maji. Mkiwa na uwezo, mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA kinacholingana na ukubwa wa chumba huzinasa chembe za moshi, kazi ambayo mimea yako sita haiwezi.

Ninapenda mimea na ninayo vibarazani na ndani, lakini jirani anadai kwamba ninafuga mbu wa dengue. Ninamwaga maji ya visahani kila ninapokumbuka. Je, haitoshi?
*Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam*

Jirani ana haki ya kuwa na hofu, maana Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ikiwemo ile ya mwaka 2014 na ya mwaka 2019. Mbu anayeieneza, *Aedes aegypti*, huuma mchana na hupenda maji masafi yaliyotuama karibu na watu, na kisahani cha chini ya chungu kinamfaa kabisa. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu jike hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwagilia tena, yanaanguliwa. Visahani vyote visuguliwe kwa brashi na sabuni mara moja kwa wiki bila kukosa, au uvijaze mchanga utakaonyonya maji ya ziada. Chupa unazooteshea vipandikizi nazo zibadilishwe maji na kuoshwa siku hiyohiyo.

Mtoto wangu wa mwaka mmoja ameanza kutambaa na kuweka kila kitu mdomoni. Ni mimea gani niiondoe?
*Baba, Eldoret*

Anza na *Dieffenbachia*, yenye majani mapana ya kijani yaliyojaa mabaka meupe. Utomvu wake una fuwele kali mfano wa sindano zisizoonekana, ambazo huchoma ulimi na kuvimbisha mdomo na koo. *Zamioculcas* niliyoisifu hapo juu, mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo ambao wengi huuning'iniza dirishani, na lile ua jeupe linaloitwa *Spathiphyllum* nayo yana fuwele za aina hiyo, kwa hiyo iwekwe juu asipofika au itoke mpaka mtoto akue. *Chlorophytum*, yenye majani membamba ya mistari na vitoto vinavyoning'inia, haina sumu hiyo na inaweza kubaki.

Akitafuna jani kabla hujawahi, usimtapishe. Mtoe mabaki mdomoni kwa kitambaa safi chenye maji, mpe maji ya baridi anywe kidogo kidogo, na ukiona mate yanamtiririka, anashindwa kumeza au sauti yake imebadilika, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na jani lenyewe mkononi ili daktari aone ni mmea gani.